"Shukuru tu": asante ya Mkristo ni deni ao ni ushuhuda?



Kuna maneno mawili ambayo kila kijana aliyemaliza universite huku kwetu amekwisha kuyasikia: "Shukuru tu." Umetafuta kazi miaka miwili, hakuna kitu: shukuru tu, wengine hawakupata hata kusoma. Umefanya staje miezi sita, hawakukupatia hata pesa ya gari: shukuru tu, umepata uzoefu. Umeme hakuna, barabara imekatika: shukuru tu, uko na uzima. Kiisha Jumapili, maneno yaleyale yanarudi pamoja na bahasha: leta sadaka ya shukrani, ili Mungu akufungulie mlango mwingine.

Mimi nilisoma kilimo, sikusoma teolojia. Lakini niko mtu wa kanisa, na napenda historia. Nikajiuliza: hii asante tunayoombwa kila siku, Wakristo wa zamani waliielewa hivi? Jibu nililolipata ninaliweka hapa mwanzoni, juu ya yule ambaye mega zake ziko karibu kuisha. Hapana, hawakuielewa hivi. Tangu zamani, kumshukuru Mungu kulikuwa kuhesabu kweli yote mbele yake: mema yametoka wapi, yamepita mikononi mwa nani, na nani bado hajafikiwa. Pale asante ilipogeuzwa kuwa malipo kwa mkubwa, ao kitambaa cha kufunga mtu mdomo, iliharibika. Basi tuifuate njia yake pole pole, tangu Israeli mpaka Léopoldville.

1. Kikapu chenye kusimulia

Tuanze na mkulima, sababu hapo ndipo niko nyumbani. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, kinaeleza namna Mwisraeli alivyopaswa kuleta malimbuko. Anachukua mazao ya kwanza ya shamba, anayatia ndani ya kikapu, anakwenda mpaka kwa kuhani. Pale, mbele kikapu hakijawekwa chini, anapewa maneno ya kusema.

Ukiyasoma maneno hayo utashangaa. Neno "asante" halimo. Mkulima anasimulia historia. Anasema kwamba babu yake alikuwa mtu wa kutangatanga, akashuka Misri na watu wachache. Kule wakatumikishwa kazi ngumu, wakaonewa, wakalia. Mungu akasikia, akawatoa, akawapa inchi. Na sasa, haya ndiyo mazao ya inchi hiyo. Mateso yote yametajwa palepale mbele ya kikapu. Hakuna mtu aliyemwambia: wacha mambo ya Misri, leo ni siku ya furaha.

Kiisha kuweka kikapu chini, anaambiwa afurahi, lakini asifurahi peke yake: Mlawi asiye na shamba yuko, na mgeni anayekaa katika inchi yuko. Sura inaendelea palepale na fungu la kumi la mwaka wa tatu, ambalo ni la Mlawi, mgeni, yatima na mjane, ili wale washibe.

Yeyote aliyekaa kijijini anajua tena kitu kingine ambacho sura hiyo haisemi kwa sauti. Mazao ya kwanza yanakuja wakati gala iko tupu. Miezi ya mbele ya mavuno ndiyo miezi ya njaa: mbegu imekwisha kuingia udongoni, akiba ya mwaka jana imeisha, watu wanakula majani ya maharagi wakingojea maharagi yenyewe. Mtu anayebeba malimbuko, tumbo lake bado linakumbuka juma lililopita. Asante yake haitoki kwenye wingi.

Kuna jambo moja la lugha linalosaidia hapa. Kwa Kiebrania, neno toda linabeba shukrani, na linabeba vilevile kuungama, kukiri kitu kama kilivyo. Katika kitabu cha Yoshua, wakati Akani anaambiwa aseme kweli juu ya vitu alivyoiba, neno linalotumiwa ni hilohilo. Kwa watu wale, kushukuru na kusema kweli vilikuwa jirani sana. Ndiyo maana kitabu cha Zaburi, ambacho Wayahudi wanakiita Sifa, kimejaa vilio. Zaburi za kulalamika ndizo nyingi kupita aina nyingine zote, na wale waliozikusanya hawakuona haya kuziita sifa.

2. Asante ya Roma na asante ya Paulo

Sasa tuingie katika dunia ambamo kanisa lilizaliwa, dunia ya Waroma. Kule, asante ilikuwa ni siasa. Mkubwa alikuwa na watu wake. Asubuhi walikuja kwenye mlango wake kumsalimia, wakangoja chakula, pesa kidogo, ao neno la kuwatetea mahakamani. Wao walimlipa kwa heshima: walimsindikiza barabarani, walimsifu mbele ya watu, walimuunga mkono. Zawadi ilikuwa kamba. Aliyepokea alifungwa nayo, na mtu asiye na shukrani alidharauliwa kupita mwizi.

Seneca, mwalimu wa Kaisari Nero, aliandika vitabu 7 juu ya kutoa na kupokea fadhili. Alitaka watu watoe bila kuhesabu kama mkopeshaji. Kama ilimbidi aandike vitabu 7 vizima, unaweza kuelewa mwenyewe mambo yalikuwa namna gani katika mji wake. Na usicheke Waroma. Mtu akikupatia kazi huku kwetu, kiisha akataka umpigie makofi mpaka siku ya kufa kwako, tuko palepale.

Katika dunia hiyo, Paulo yuko kifungoni, na Wakristo wa Filipi wanamtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito. Ilikuwa ni lazima aandike asante. Soma sura ya 4 ya barua yake: wataalamu wengi wameona ugumu wa asante hiyo. Paulo anafurahi, anasema walifanya vema kushiriki taabu yake. Lakini anaongeza kwamba amejifunza kuishi katika kushiba na katika njaa, kwamba zawadi yenyewe siyo aliyokuwa anaitafuta. Anatumia maneno ya watu wa biashara, ya kutoa na kupokea, na lile neno lililoandikwa kwenye risiti za wakati ule kuonyesha kwamba mtu amelipwa yote. Kiisha anasema Mungu ndiye atakayewajaza wao.

Alifanya nini pale? Alikata kamba. Zawadi ya Wafilipi ilikuwa kweli, upendo wao ulikuwa kweli, na mwanzoni mwa barua anamshukuru Mungu juu yao kila anapowakumbuka. Lakini hakukubali zawadi imfanye kuwa mtu wao, wala imfanye yeye kuwa mkubwa wao. Deni limepelekwa juu, kwa Mungu, na Mungu hafungui daftari la madeni. Kwa Kigiriki neno moja, charis, linasema neema, zawadi ya bure, na shukrani pia. Kinachoshuka na kinachopanda vina jina moja.

Sasa uchukue barua ya kwanza kwa Wathesalonike, ambayo iliandikwa karibu mwaka wa 50, moja ya maandiko ya zamani kabisa ya Wakristo. Sura ya 5, mstari wa 18, inawaambia washukuru katika kila hali. Huu ndio mstari tunaopewa kama kidonge. Lakini mistari minne mbele yake, mtu huyohuyo anawaagiza wawatie moyo waliovunjika moyo, wawashike mkono walio zaifu, wavumilie wote. Na katika sura ya 4 alikuwa anaongea na watu wenye kuomboleza wafu wao. Hakuwakataza machozi, aliwaomba wasilie kama watu wasio na tumaini. Asante yake inakaa ndani ya jamaa inayosaidiana. Ukimnyima mtu msaada halafu ukampa mstari wa 18, umekata barua.

Tena kuna wale wakoma kumi wa Luka 17. Kumi waliponywa, mmoja akarudi, na alikuwa Msamaria, mgeni. Yesu aliuliza wale tisa wako wapi. Swali lilikuwa na uchungu wake. Lakini tazama kitu hiki: hakuna mahali ambapo Luka anasema wale tisa walirudishiwa ukoma wao. Uponyaji haukuwa mkopo. Mhubiri anayesema kwamba baraka yako itanyanganywa kama haukuleta bahasha, hakuipata hiyo kwa Luka.

3. Meza inayoitwa Asante

Ibada kubwa ya Wakristo, ile ya mkate na divai, jina lake la zamani ni Ekaristi, na kwa Kigiriki maana yake ni kushukuru tu. Wakatoliki kati yetu wanalitumia kila siku. Sisi wengine tunasema meza ya Bwana, lakini chanzo ni kimoja. Yesu alishukuru juu ya mkate usiku uleule aliokuwa anakamatwa. Asante hiyo haikuwa ya mtu ambaye mambo yake yalikuwa mazuri.

Mwaka wa 1873, huko Constantinople, kiongozi mmoja wa kanisa la Kigiriki, Philotheos Bryennios, aliona kati ya maandiko ya zamani kitabu kidogo kilichokuwa kimepotea kwa karne nyingi. Akakichapisha mwaka wa 1883. Kinaitwa Didache, yaani Mafundisho, na wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza ao mwanzoni mwa karne ya pili. Ndani yake kuna maombi ya shukrani ya meza. Wanashukuru juu ya kikombe, kiisha juu ya mkate, na wanatumia picha ambayo mtu wa kilimo hawezi kuisahau: mkate ulikuwa umetawanyika milimani, ukakusanywa ukawa mmoja, basi kanisa nalo likusanywe vilevile.

Kitabu hicho kina kanuni juu ya malimbuko pia: ya divai, ya nafaka, ya ngombe na kondoo, ya pesa na nguo. Yapewe manabii wanaotumikia. Kama kwenu hakuna nabii, yapewe maskini. Na ili asitokee mjanja, kimeweka onyo: nabii anayeomba pesa kwa ajili yake mwenyewe ni wa uongo; lakini akiomba kwa ajili ya wenye kukosa, mtu asimhukumu. Ni maneno ya karibu miaka 1900. Nitanyamaza hapo, kila mtu anajua kanisa lake.

Karibu mwaka wa 155, Justino, mwanafilozofia aliyekuwa Mkristo huko Roma, alimwandikia Kaisari Antoninus Pius kumweleza Wakristo wanafanya nini siku ya jua, yaani Jumapili. Wanasoma maandiko, mwenye kuongoza anahubiri, wanasimama kuomba, mkate na divai vinaletwa, mwenye kuongoza anamshukuru Mungu kadiri ya nguvu zake, watu wote wanaitikia Amina. Kiisha, walio na kitu na wanaopenda wanatoa, kila mtu anavyotaka mwenyewe. Na pesa ile inakwenda wapi? Justino anataja orodha: yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa, wageni walio safarini. Karibu mwaka wa 165 aliuawa juu ya imani yake.

Tazama mwendo ule. Asante inapanda kwa Mungu, na mkono wa mwenye kushukuru unashuka mpaka kwa mfungwa. Ni kile kikapu cha Torati kilichohamia mjini.

4. Mji wa Eilenburg, 1637

Mtu anaweza kusema: hayo yote ni mazuri, lakini wakati watu wanakufa kila siku, asante inabaki nini? Sisi wa Mashariki tuna haki ya kuuliza.

Huko Ujerumani, katika Vita ya Miaka Thelathini (1618 mpaka 1648), kulikuwa mchungaji wa Kiluteri jina lake Martin Rinkart, katika mji wa Eilenburg, Saksonia. Mji ulikuwa na ukuta, basi wakimbizi walijaa ndani. Mwaka wa 1637 ugonjwa wa tauni ukaingia. Wachungaji wengine walikufa ao waliondoka, yeye akabaki karibu peke yake, akizika watu kila siku. Inasemwa alizika zaidi ya watu 4000 mwaka ule. Mke wake alikuwa kati ya waliokufa. Kiisha tauni njaa ikaja, na askari wa Sweden wakadai mji ulipe pesa nyingi. Rinkart akatoka kwenda kuwabembeleza wapunguze.

Mtu huyohuyo ndiye aliyetunga "Nun danket alle Gott", wimbo wa shukrani unaojulikana kupita zote katika makanisa ya Kiprotestanti, ambao umetafsiriwa katika lugha nyingi sana. Aliutunga katika miaka ya vita ileile, kama sala fupi ya mezani kwa watoto wake.

Ninachokiona kwa Rinkart ni hiki: wimbo wake haukumzuia kuchimba makaburi, wala haukumzuia kwenda kubishana na jemadari juu ya hesabu ya pesa. Hakuwaambia watu wa mji "shukuruni tu, mlipe". Alishukuru mezani pamoja na watoto, akatoka, akaenda kudai.

5. Asante tuliyodaiwa

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 1899, huko Kasai, mmisionari mweusi wa Marekani, William Sheppard wa kanisa la Presbiteri, alitumwa kwenda kuona kambi ya wapiganaji waliotumika kwa ajili ya serikali ya Leopold II. Aliona mikono iliyokatwa ikikaushwa juu ya moto. Aliihesabu: mikono 81 ya kuume. Akaandika, na habari hiyo ikazunguka dunia. Sheppard alikuwa mtu wa sala. Na mtu wa sala, alipofika pale, alihesabu mikono. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo angeweza kuwapa wale watu.

Turuke mpaka tarehe 30 Juni 1960, Palais de la Nation, Léopoldville. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji anasimama, na katika hotuba yake anauonyesha uhuru wetu kama mwisho wa kazi iliyoanzishwa kwa akili kubwa ya Leopold II. Aliyesikiliza alielewa kinachongojewa: aksanti. Rais Kasa-Vubu akajibu kwa upole. Kiisha Patrice Lumumba, ambaye jina lake halikuwa kwenye programu, akasimama, akataja kazi ngumu zenye mshahara mdogo usiotosha kula wala kuvaa, matusi, mapigo ya asubuhi, mchana na jioni, mashamba yaliyonyanganywa kwa sheria. Wabelgiji waliudhika sana. Wengi walimwita mtu asiye na shukrani. Saa ya chakula Lumumba akaongea tena, kwa maneno ya heshima zaidi kwa mfalme na kwa Ubelgiji, lakini hotuba ya asubuhi ndiyo iliyobaki.

Sitaki kumfanya Lumumba mhubiri, hakuwa mhubiri. Nasema tu kwamba siku ile aina mbili za asante zilikutana katika chumba kimoja. Moja ni ya Roma: nimekupa, basi nisifu, na Misri isitajwe. Nyingine iko karibu na ile ya kikapu: tuko huru leo, na kwa sababu hiyo lazima tuseme tulitoka wapi. Miaka 60 kiisha, tarehe 30 Juni 2020, mfalme Philippe alimwandikia rais Tshisekedi kusema masikitiko yake juu ya mateso ya zamani. Kweli iliyotajwa asubuhi ile haikuwa matusi.

Kwangu mimi jambo hili linagusa kazi yangu. Mwaka wa 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, na Yangambi ikawa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo. Ni kule Beirnaert na Vanderweyen walipoeleza, mwaka wa 1941, namna aina za michikichi zinavyorithiana, na tangu hapo dunia nzima ikaanza kupanda ile aina ya tenera yenye mafuta mengi. Kila mwanafunzi wa kilimo anajifunza hiyo. Niko na asante juu ya elimu ile, sitaificha. Lakini kwa uaminifu uleule ninasema kwamba tangu 1917 mababu zetu walilazimishwa kulima pamba, na aliyekataa aliadhibiwa. Na kwamba mikono iliyopanda na kupalilia majaribio ya Yangambi ilikuwa ya wafanyakazi wa Kikongo ambao majina yao hayako kwenye vitabu. Lovanium ilifunguliwa mwaka wa 1954, universite ya Elisabethville mwaka wa 1956, na siku ya uhuru wenye diploma ya universite katika inchi nzima hawakufika hata 30. Ukihesabu mema, hesabu na haya. Nusu ya hesabu haiwezi kuitwa shukrani.

6. Na sisi leo?

Katika makanisa mengi ya huku kuna sikukuu ya mavuno. Watu wanaleta mihogo, ndizi, maharagi, kuku, mbuzi. Vitu vinauzwa palepale, mmoja anapandisha bei juu ya mwingine, watu wanacheka, kwaya zinaimba. Namna ya kuifanya kanisani kama tunavyoijua, wengi wanaona ilianzia mwaka wa 1843 kwa padri Robert Stephen Hawker, katika kijiji cha Morwenstow, kusini-magharibi ya Uingereza, halafu ikasambaa. Wazee wetu hawakupata shida kuipokea, sababu kushukuru juu ya mazao halikuwa jambo geni kwao.

Ni sikukuu nzuri na ninaipenda. Swali langu ni la Torati na la Justino: kiisha mnada, ile pesa inafika kwa nani? Mjane wa kanisa letu, na mkimbizi aliyefika mwezi uliopita, wanafurahi pamoja nasi ao wanatutazama tu? Kama wanatutazama, kikapu kimefika nusu ya njia.

Kwa wewe uliye kazini bila mshahara: kudai pesa yako siyo kukosa shukrani. Barua ya Yakobo, sura ya 5, inasema mshahara ulionyimwa wavunaji wa mashamba unalia, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Ni kilio cha wavunaji, watu waliokuwa shambani siku ya wengine kushangilia mavuno. Mungu yuleyule anayepokea malimbuko ndiye anayesikia kilio hicho. Mtu akikujibu "shukuru tu", unaweza kumjibu kwa heshima: namshukuru Mungu, na mshahara nauomba kwako.

Na kwa sisi wote tuliovaa toge siku ya kupewa diploma, tukaimba, tukafanya ibada ya shukrani na chakula kiisha: tujaribu siku moja kusali kama yule mkulima, kwa kusimulia. Minervali ilitoka wapi? Mama aliuza nini? Nani alibeba gunia mpaka sokoni? Katika familia nyingi za kwetu, mwaka ule kijana alipoingia universite, dada yake aliachishwa shule juu pesa haikutosha kwa wawili. Aliolewa mapema, ao yuko sokoni mpaka leo. Siku ya sherehe alikuwa jikoni, anapika.

Ukimtaja yeye katika sala yako kwa jina, sala itakuwa ngumu kidogo kumaliza. Hiyo siyo mbaya. Yeye hakukupa mkopo, na hautaweza kumlipa miaka yake ile. Lakini ana watoto, na mwaka wa masomo unaanza Septemba.